Sentimita Sitini Ukutani

3 Machi

Mpwa wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wakipata fumbo la namna hii ni kuanza kumtafuta mwenye hatia kabla hawajapanga tarehe na saa. Wanamwangalia mtu usoni, hawampendi, basi wameshamfunga. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu nakujua: ungefungua sanduku kwanza, barua ungeisoma ukishaharibu.

Sasa salamu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo lina maoni yake kila asubuhi. Mpe mama yako pole ya mguu. Ameniambia kwenye simu kwamba aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Ngazi ile niliisema tangu zamani. Vidato vitatu vina sentimita kumi na nane, cha nne kina kumi na nne. Mtu hajikwai kwenye ngazi, hujikwaa kwenye tofauti.

Wiki nane za plasta ni nyingi kwa mshonaji aliyezoea kukanyaga cherehani kutwa. Kwa hiyo nawatumia mchezo mcheze mezani, wewe na yeye. Ni fumbo la kijasusi. Wageni watano wamelala nyumba moja: mpishi, dereva, profesa, mwimbaji na mwanajeshi mstaafu. Mmoja wao ameipiga picha hati ya siri na kuificha filamu humo humo ndani. Kuna bahasha tano zenye vithibitisho, na hairuhusiwi kufungua moja kabla ya kutegua iliyotangulia.

Nililipata kwa muuza vitu vilivyotumika, na karatasi ya ramani ya nyumba haikuwamo. Nimesoma kijitabu cha majibu, nikaichora upya kwa mkono wangu. Mtu aliyepima ardhi miaka thelathini na minne hashindwi na nyumba ya wageni watano.

Mjomba wako

21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Sanduku lilifika hospitalini kupitia sanduku langu la posta, na wenzangu wa chumba cha eksirei walitaka kulipiga picha kwanza waone kilichomo. Nikawaambia, "Hili limetoka kwa Mjomba. Lina maelezo ndani, mtaungua."

Mama anakusalimu sana. Tunacheza jioni baada ya kula, yeye mguu juu ya kiti, mimi na kalamu. Ni mwizi mtupu. Juzi nilikwenda kuchemsha chai, nikarudi nikamkuta ameiinua bahasha ya nne kwenye taa.

"Mama! Hiyo bado!"

"Sijaifungua. Nimeiangalia tu inavyong'aa."

"Unajua sheria."

"Sheria aliziandika nani? Mimi na mguu huu nikifa kesho nitakufa sijui jasusi ni nani?"

Tangu siku ya kwanza anasema ni profesa. Nilimuuliza ana ushahidi gani. Akasema, "Anaeleza mno. Mtu asiye na kosa hujibu kwa neno moja akaenda kulala."

Sasa tumekwama. Bahasha ya nne inauliza filamu imefichwa wapi. Tumepekua kila chumba kwenye ramani yako, hakuna kitu. Halafu, Mjomba, Mama amecheka sana kuiona hiyo ramani. Anasema umetuchorea nyumba yetu wenyewe: jiko, stoo, chumba cha kushonea, hata ngazi ya vidato vinne. Anasema kichwa chako kimezeeka, hakina tena nyumba nyingine.

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mguu unaunga. Huku mafundi wanachimba barabara mbele ya dirisha langu, na wamekosea mteremko. Nimewaambia. Wamenishukuru, wakaendelea kukosea.

Mwambie mama yako kuinua bahasha kwenye taa ni kufungua. Sheria si ya karatasi, ni ya anayeishika. Jambo hili limeniudhi kuliko mnavyodhani.

Kuhusu filamu: hamjakwama, hamjajumlisha. Mnatazama vyumba kwa sababu vyumba vina majina. Tazameni namba. Anza na ukuta wa nje, ndio usiobishaniwa. Kisha jumlisha vyumba vya upande ule na unene wa kuta zake zote. Kama jumla ya ndani haifiki ya nje, kuna mahali ambapo nyumba imenyamaza. Kuta hazisemi uongo, mpwa wangu. Zikificha kitu, hukiri kwenye hesabu.

Na hapana, si nyumba yenu. Nyumba za zamani zote zinafanana.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba,

Salamu utaniwia radhi, leo sina.

Nilijumlisha. Ukuta wa nje mita kumi na moja na sentimita arobaini. Jiko tatu na ishirini, stoo mbili na kumi, chumba cha kushonea nne na thelathini, kuta nne za sentimita thelathini kila moja. Zinabaki sentimita sitini, kati ya stoo na chumba cha kushonea. Mama akapiga makofi, tukaandika jibu, tukafungua bahasha ya tano. Filamu ilikuwa pale. Na jasusi ni profesa. Mama alizunguka meza kwa mguu mmoja akishangilia.

Mimi sikulala vizuri. Kesho yake nilichukua futi ya Mama ya kushonea nikatoka nje, nikapima ukuta wetu. Mita kumi na moja na sentimita arobaini. Nikapima ndani. Mjomba, hukuchora nyumba inayofanana na yetu. Umechora nyumba yetu, mpaka sentimita ya mwisho.

Nilingoja mpaka Mama alipokwenda kufanyishwa mazoezi ya mguu, jirani akamsindikiza. Nikatoa mitungi ya stoo, nikang'oa ubao wa nyuma ya rafu, zile rafu ulizozipigilia wewe. Nyuma yake kuna bomba la moshi la zamani lililozibwa juu. Ndani ya bomba kuna kopo la biskuti. Ndani ya kopo kuna barua kumi na moja.

Zote zina jina la Mama. Zote nyuma zina jina la Baba. Zote zimefungwa.

Nimekua nikiambiwa kwamba Baba, fundi redio yule, alikwenda kutafuta kazi ng'ambo na hata karatasi hakutuma. Miaka ishirini na sita Mama anaisema sentensi hiyo moja bila kubadilisha neno. Na barua zote za nyumba hii zilipitia sanduku la posta la ofisi yako. Wewe ndiye uliyezileta.

Nilikuwa na miaka mitano. Mama alikuwa akinituma getini ukirudi kazini. "Kamuulize Mjomba kama kuna kitu." Nikakuuliza, "Mjomba, kuna barua?" Ukanipa peremende. Unakumbuka? Siku nyingine ulikuwa na peremende, siku nyingine huna. Sasa nataka unijibu, wewe unayependa kupanga tarehe: zile siku za peremende zilikuwa ngapi? Zilikuwa kumi na moja?

Jibu kwa neno moja, ukalale.

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hukunisalimu.

Umebomoa rafu bila kumuuliza mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mama yako. Umetazama lisilo lako. Hilo liwe la kwanza kusemwa.

La pili, ulikuwa mtoto, na mtoto humkumbuka baba kwa mabega aliyombebea. Mimi namkumbuka mtu mzima. Baba yako alikuwa hodari wa kufungua redio na mvivu wa kuzifunga. Karakana yake ilijaa vitu vya watu vikiwa vipande. Alimwahidi mama yako nyumba, akamwahidi safari, akamwahidi kurudi baada ya miezi sita. Mtu wa namna hiyo akiandika anaandika ahadi ya nne. Nilimwona dada yangu akidhoofika kwa kungoja, nikasema bora kidonda kikauke kuliko kutoneshwa kila mwezi. Nilimwonea huruma.

La tatu, sikufungua hata moja. Ulilithibitisha hilo kwa macho yako mwenyewe, lakini sikuona ukiliandika kwa heshima linayostahili.

Goti langu bado, ahsante kwa kutouliza.

Mjomba wako

11 Juni

Mjomba,

Mama hajambo, anatembea kwa fimbo. Mimi sijambo, nina hasira. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Hukufungua. Unataka nikupongeze? Mtu ameiba sufuria, anataka asifiwe kwamba hakula!

Kazi yangu ni kupiga picha mifupa. Mgonjwa akija anaonyesha panapouma, na anayeanza kazi hukimbilia pale pale. Mkuu wangu alinifunza kuisoma filamu kuanzia ukingoni, mahali ambapo hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo niliacha yale unayolalamikia, yaani uvivu wa Baba, nikatazama ukingo. Nikatazama mihuri ya posta.

Baba aliondoka mwezi wa pili. Mama anakumbuka kwamba barua moja ilifika, mwezi wa nne, ya kusema amefika salama. Kumbe basi iliwahi kufika moja! Niliposikia nilishangaa. Mama husema hakutuma karatasi, lakini ukimbana anakumbuka ile ya kwanza na kusema, "Hiyo haihesabiki, ilikuwa mistari mitatu." Hiyo ulimletea. Ya kwanza kwenye kopo ina muhuri wa mwezi wa saba. Nikajiuliza, kati ya mwezi wa nne na wa saba, fundi redio alizidi uvivu? La. Mwezi wa sita Bibi alipooza.

Bibi, mama yenu. Miaka minne kitandani. Nani alimgeuza? Nani alimlisha, akamfulia shuka? Mama. Na wewe ulikuwa porini na vigingi vyako, unarudi Ijumaa na gazeti. Mama angeitwa ng'ambo akaenda, nani angebaki na Bibi?

Ulituambia tupange tarehe kabla ya kupanga watu. Nimepanga. Hukumwonea Mama huruma. Ulimhitaji.

Na leo kila Jumapili unampigia simu. Naisikia sauti yako kutoka jikoni. Mnaongea mguu, mnaongea ngazi, mnacheka, unakata. Mama anaweka simu chini anasema, "Kaka yangu huyu, nisingekuwa naye ningekuwa wapi?" Mjomba, swali hilo lina jibu, na liko ndani ya kopo.

Sitampa mimi. Uliyeficha ndiwe utakayesema. Mwandikie.

30 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kwenu wote wawili.

Nimeanza barua hii mara nne, na kila mara nilianza kueleza. Nimeichana kila nilipofika kwenye neno "kwa sababu".

Hesabu yako ni sahihi. Nilimhitaji.

Hukuniuliza kwa nini sikuzichoma, na sina jibu zuri. Mpimaji akikosea mpaka haling'oi jiwe. Huliacha, ili ajaye baadaye aone kosa lilipo. Kuhusu ramani ya mchezo, usiniulize kama nilijua nilichokuwa nachora. Niliketi kuchora nyumba yoyote, na mkono ukaandika namba hizo.

Leo hii nimemwandikia mama yako, bahasha ya peke yake yenye jina lake, kupitia sanduku lako la posta. Nimemwambia yote, na mahali kopo lilipo. Sikuyaeleza. Nimeyasema.

Mjomba wako

4 Agosti

Mpwa wangu,

Natumai mnaendelea vizuri. Huku barabara imekamilika, na mvua ya kwanza imeingia dukani kwa kinyozi kama nilivyosema.

Wiki tano zimepita. Nimempigia mama yako Jumapili zote tano, moyo ukinidunda kama mtoto aliyevunja sahani. Anapokea anacheka. "Kaka, leo nimekwenda mpaka sokoni bila fimbo!" Namngoja aseme. Hasemi. Jumapili iliyopita nilimuuliza kama amepata barua yangu.

"Barua gani? Wewe nawe, una simu unaandika barua?"

Posta ya siku hizi ni mbovu, lakini barua zako na zangu hazijapotea hata moja. Naomba unijulishe kama ile imefika.

Mjomba wako

19 Agosti

Mjomba,

Imefika. Ilifika tarehe kumi na mbili Julai. Ninayo mimi.

Siku hiyo niliitoa sanduku la posta, nikaiweka kwenye mkoba, nikapanda ngazi za nyumbani nikijua nitampa. Nikamkuta chumba cha kushonea. Ndiyo mara ya kwanza tangu aanguke kukanyaga cherehani. Alikuwa anashona sare za shule za mapacha wa jirani, anaimba, mguu unakwenda. Akaniambia, "Njoo uone! Fundi amerudi kazini!" Mjomba, ningetoaje? Nikasema leo ana furaha, nitampa kesho. Kesho yake alikuwa na maumivu, nikasema si siku yake. Baadaye ukapiga simu, akacheka nawe saa nzima, nikasema huyu mtu hana mwingine, nikimwondolea kaka namwachia nini? Barua za mtu ambaye hatujui hata kama yu hai?

Nilimwonea huruma. Najua utalirukia neno hilo. Lirukie.

Naogopa akisoma atanyamaza. Hasira yake ningeistahimili, lakini ukimya wake siujui. Naogopa pia atanitazama aseme, "Na wewe ulijua tangu lini?" Tangu mwezi wa nne, Mjomba. Nimekula naye kila siku tangu mwezi wa nne.

Barua yako nimeiweka kwenye kopo, pamoja na zile nyingine. Nimerudisha ubao.

Usinikaripie. Wewe wa mwisho kunikaripia.

Mpwa wako

2 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu ni hizi: mimi mzima, na nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Mkuki kwa nguruwe, lakini nitausema ukweli hata kama mdomo unaousema ni mchafu. Unasema mimi wa mwisho. Kweli. Ila hakuna mwingine anayeijua njia hiyo, mimi nimeipima kwa miguu.

Nitakwambia jinsi ilivyokuwa, mara moja, na sitarudia.

Barua ile ya mwezi wa saba niliitoa sanduku la ofisi siku ya Ijumaa. Nikaiweka mfuko wa shati nikaenda nyumbani nikijua nitampa. Nikamkuta amembeba mama yetu mgongoni, anamtoa bafuni. Nikasema leo amechoka, nitampa kesho. Umeona? Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na siku moja tu. Kesho yake wewe ulikuwa na homa. Jumatatu nilirudi porini, barua mfukoni. Ya pili ilipokuja, nisingeweza kumpa bila kueleza ya kwanza ilikuwa wapi. Ya tatu ilipokuja nikapigilia rafu.

Nimejiambia miaka ishirini na sita kwamba niliamua. Sikuamua. Niliahirisha mpaka ikawa nyumba imenyamaza sentimita sitini. Kumhitaji kulikuwapo, hilo hukukosea, kulikuwa kunasukuma kutoka nyuma. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa huruma, na neno la kuufungulia lilikuwa "kesho". Nimeyasoma maneno yangu kwenye mwandiko wako, nikaondoka mezani nikaenda kusimama uani.

Na umeiweka kwenye kopo! Ukarudisha ubao! Kwa misumari ile ile? Sasa barua ni kumi na mbili, na mahali hapo pana walinzi wawili, mjomba na mpwa, wasomi wote wawili, wa kupima na wa kupiga picha, tunamlinda mwanamke mwenye miaka hamsini na tisa asijue maisha yake mwenyewe. Alipoinua bahasha ile kwenye taa wewe ulimwita mwizi, nami nikaudhika. Alikuwa ndiye mtu pekee kati yetu watatu aliyekuwa anataka kufungua kitu.

Unauliza ukimwondolea kaka unamwachia nini. Si wewe unayemwondolea. Akitaka kunifungia mlango, ni mlango wake. Akitaka kunyamaza, ni kinywa chake. Baba yako kama yu hai, au kama ni kaburi, ni wake yeye kuuliza kabla yako na kabla yangu. Na akikuuliza ulijua tangu lini, mjibu: tangu mwezi wa nne. Maneno manne. Mwezi ujao yatakuwa mengi zaidi, na ukifika miaka yangu utahitaji kitabu.

Simu ya Jumapili sitapiga. Nitangoja apige yeye, au asipige.

Peremende zilikuwa kumi na moja.

Usimweleze chochote, tumeeleza vya kutosha katika familia hii. Ukimaliza kusoma barua hii nenda stoo, ng'oa ubao, umpe mama yako kopo lake leo.

Mjomba wako